Mvuke Washtakiwa kwa Utovu wa Adabu

Mama mkwe wa dobi alikuja na mumewe kusalimia tu. Siku ya pili akatangaza kwamba anaondoka na bintiye, kwa sababu boila ya dobi, tangi la kuchemshia mvuke wa pasi, ilikuwa chini ya chumba cha wageni, na kila valvu yake ilipoachia mvuke, kitanda kilitetemeka.

"Mwanangu hawezi kuishi na kitu kinachofoka hivi," alisema. "Mbona upepo wa jirani unatoka kwa adabu?"

"Taratibu, mama watoto," alisema baba mkwe, kama kawaida yake.

Jirani alikuwa fundi wa tairi, mwenye kompresa ya kujazia upepo. Dobi alimpenda mkewe kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo hukubali upuuzi wowote, hivyo kesi ikaitishwa, mvuke wake dhidi ya upepo wa jirani. Mama mkwe alishuka na mto wake, akajilaza juu ya meza ya kupigia pasi, akafumba macho ili ahukumu kama mtu anayetafuta usingizi. Baba mkwe, mzito na mpole, aliketi juu ya kapu la nguo chafu.

Fundi alileta kompresa yake, na dobi akahakikisha mashine zote mbili zina presha sawa na tundu sawa. Fundi akafungua upepo wake: fsss. Mama mkwe akatabasamu. Dobi akafungua mvuke. Mashuka yaliruka kwenye kamba na paka akahama mtaa.

"Nimesikia," alisema mama mkwe. "Binti, funga mizigo."

Dobi akasimama mbele ya meza. Akimkosa mke huyu, hana tena wa kumpigia nguo pasi.

"Mama, usiuhukumu mvuke kabla hujaujua. Huo upepo na huu mvuke vimebanwa sawa, lakini huu umechemshwa pia. Tena kwa asili ni mwepesi kuliko hewa. Kitu chepesi, chenye moto, ukikibana kisha ukakiachia, kitatoka mbio zaidi. Na mbio zikizidi kidogo tu, kelele huzidi mno. Si utovu wa adabu. Ndivyo ulivyo."

Mama mkwe, mwembamba kama uzi, alifumbua macho.

"Mwepesi," alisema. "Una moto. Umebanwa."

"Ndiyo, mama."

"Na kila mtu anauambia taratibu."

Baba mkwe alianza kukohoa, akaona heri ameze.

Mizigo ikafunguliwa. Tangu siku hiyo, valvu ilipolia katikati ya mazungumzo, mama mkwe aliinua mkono, watu wote wakanyamaza.

"Mwacheni amalize," alisema.

Na mzee, ambaye hakuwahi kumwacha mkewe amalize, akangoja.