Mashine na Kilicho Ndani Yake

Kila umeme uliporudi mtaani Kyeshero, kompyuta ile ilijiwasha yenyewe katika duka la dawa la Nshobole, na sauti ya marehemu Zihindula ikasema: "Nshobole, tusali kwanza."

Zihindula ndiye aliyetunga programu iliyokuwa ndani, ya kuendesha maduka ya dawa. Aliiwekea sauti yake kumtania dada yake, aliyezoea kuanza kazi bila kumkumbuka Mungu. Alipofariki, Nshobole hakuthubutu kuifuta. Wala hakusali.

Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walipogawa vitu vya marehemu, Nshobole alisema kompyuta ile ni bidhaa ya duka, si ya kugawiwa. Élodie, mjane wa Zihindula, aliinamisha kichwa.

Sasa Damien, mwenye duka la dawa kule Kiwanja, alitaka kuinunua. Nshobole akamwita Papa Baharanyi, mhasibu anayewaandalia wafanyabiashara mambo ya kodi.

"Papa, andika kama nimeuza mashini tu," alimwambia. "Programu usiitaje. Ile si bidhaa, ni ya ndugu yangu."

"Damien anaitaka bila programu?"

"Hapana. Anaitaka nayo."

Baharanyi akacheka. "Mama Nshobole, unauza mbuzi na kusema roho yake imebaki nyumbani?"

"Usinicheke, Papa."

"Sikia. Programu ikiuzwa peke yake, kodi inaihesabu kando. Lakini hii iko ndani tayari, inauzwa pamoja na mashini, haina bei yake. Basi ni kitu kimoja. Kama ni bidhaa, yote ni bidhaa. Kama ni ya marehemu, yote ni ya marehemu."

"Yote?"

"Mpaka waya zake."

Kwa wazee Nshobole alisema ni bidhaa, kwa mhasibu akasema ni ya ndugu yake. Kinywa kimoja, maneno mawili, na mjane katikati.

Umeme ukarudi, taa zikawaka. Mashine ikanguruma pole pole.

"Nshobole, tusali kwanza."

Baharanyi alisimama, kicheko kikamwishia. Akafanya ishara ya msalaba. "Ni nani huyu?"

"Ndugu yangu."

"Basi umujibu, mama. Mutu haachwi akiita hivi."

Nshobole akafumba macho. Alitafuta maneno ya sala, hakupata hata moja ila jina la Élodie. Akalitaja, akalirudia, mpaka machozi yakamtoka.

Kisha alimpigia Damien simu kumwambia mashine haiuzwi. Akaichomoa, akaipakata juu ya pikipiki kama mtoto mgonjwa, hadi mlangoni kwa wifi yake.

"Ni ile ya Zihindula?" Élodie aliuliza.

"Ni yako, wifi. Yote. Nilikudhulumu mbele ya wazee. Na sauti yake imo ndani."

Élodie aliiweka mezani, akashika ncha ya waya wake, kisha akaiachia.

"Usiiwashe bado," alisema kwa sauti ndogo, akifungua kitambaa cha kichwani. "Ngoja kwanza nivae vizuri, asinikute hivi."