Mkono Uliotangulia

Nimeota ndoto, na mtu asiniambie eti nilikula vibaya. Nililala na hina mbichi viganjani, maana ndoa yangu na Mwinjuma ilikuwa ya mbio mbio: asubuhi tufungishwe, kisha lori la jeshi limchukue, apande meli kwenda Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, kupigana na Wajapani. Hata ngoma sikupigiwa.

Katika ndoto nimekaa kitandani, namngoja bwana arusi aje anipe mkono. Kwetu ndivyo ilivyo. Akishatoka kuozwa huja chumbani kukupa mkono, na kabla ya hapo wewe bado ni mwali tu. Karibu yangu kuna birika motoni. Nani kaleta jiko chumbani, sijui.

"Ruhusa ya bwana arusi inakwisha nikichemka," birika linasema.

"Basi chemka polepole, baba."

"Siwezi. Nina amri."

Somo yangu, Bi Mtumwa, kungwi aliyenipaka hina, anaupepea moto kwa bidii zote.

"Somo, acha! Unanimalizia mume!"

"Nimeambiwa nipepee," anajibu, hata hageuki.

Mlango unafunguka. Zinaingia buti. Buti tupu, zimeng'arishwa, zinapiga mguu na kusimama wima.

"Mwinjuma yuko wapi?"

"Bado yuko kwenye foleni. Sisi tumetangulia."

Mjomba, aliyepewa uwakala wa kuniozesha, anaziuliza buti kama zimekubali kunioa. Zinajibu, tumekubali. Mjomba anafurahi, anasema zina adabu kuliko vijana wengi wa siku hizi.

"Mjomba, sitaki viatu!" nalia. "Nataka mtu!"

"Ndiyo vita, mwanangu. Chukua kilichopatikana."

Hapo sakafu inayumba. Chumba kimekuwa meli, dirishani maji matupu, na Somo bado anapepea.

Kisha hodi. Nasema karibu, na unaingia mkono. Wa kulia, peke yake, na lile kovu la Mwinjuma chini ya kidole gumba, alilolipata akifua nazi.

"Asalamu aleikum, mke wangu."

"Aleikum salamu. Wenzio wako wapi?"

"Nimerudi mimi. Wengine wanafuata."

"Lini?"

"Hatujaambiwa. Nishike. Ukiniachia, sote tunakuwa mali ya serikali."

Naukamata, hina na yote. Ni wa baridi mno. Birika linaanza kuimba. Buti zinageuka kulia, zinatoka. Mkono unavutwa, sijui na nani, nami nauvuta, napiga kelele na sauti haitoki. Birika linafoka, kifuniko kinaruka.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha.

"Ebo!" Somo kasimama juu yangu. "Umeshika nini wewe na hina mbichi?"

Nikatazama kiganja cha kulia. Maua yote aliyonichora yalikuwa yamevurugika, na juu yake kulikuwa na alama za vidole vinene kuliko vyangu. Nikamwambia nimelalia mkono. Akasonya, hakuwa na muda wa kunichora upya.

Wanaume wakaenda kuoza, wakarudi. Mwinjuma akaingia chumbani na magwanda yake, mzima, buti miguuni, mkono wa kulia kautia mfukoni.

"Haya bwana, mpe mkono mkeo," Somo akamwambia. "Lori linangoja."

Akasita. Kisha akautoa. Kiganja kilikuwa chekundu, na maua yangu yamo humo, yamegeuka kushoto kulia kama kwenye kioo.

"Nimeamka nayo," akaninong'oneza. "Kambi nzima imenicheka. Mwanakombo, sijui ni nini hiki."

Mimi nilijua. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, nikakaza. Ulikuwa wa moto, alhamdulillahi, na kovu liko pale pale. Nje honi ikalia.

"Mwachie sasa, mwanangu," Somo akanibembeleza, akianza kunibandua vidole. "Atarudi, inshallah."

Jikoni, nyuma ya ukuta, kitu kikaanza kuimba.

"Somo," nikamwambia, sikuachia, "nakuomba, kimbia kaliepue birika."