Mashine ya Kumi na Mbili

Mwavita alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja ya Kamembe. Kwa miaka minne watu wa hapo walimjua kwa swali moja tu: "Printa imekataa, unakuja?" Alienda, akatengeneza, akarudi kwenye chumba chake nyuma ya famasi, pamoja na feni za seva zilizovuma mchana kutwa. Nyumbani hakukuwa na tofauti kubwa. Binti yake Aurore alikuwa anasoma Huye. Mama yake alibaki Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, na siku hizi kuvuka si jambo la kuamka tu na kuamua.

Mwezi Juni ilikuja barua kutoka wizarani. Programu inayobeba mashine zote za hospitali imezeeka. Mashine zihamishiwe kwenye programu mpya kabla mwezi haujaisha. Mashine hizo si za kushikwa kwa mkono. Ndani ya seva moja ya chuma mlikuwa na kompyuta kumi na mbili zisizoonekana, moja ya maabara, moja ya mapokezi, moja ya famasi, kila moja ikifanya kazi kana kwamba ina mwili wake. Kuhamisha kwenyewe ni kazi ya siku moja. Kinachochosha ni maandalizi. Mwavita alichukua daftari, akazipitia moja moja. Alifuta kumbukumbu za zamani zilizokuwa zikijaza diski bure, akaondoa vipande vilivyotegemea programu inayoachwa, akaandika anwani ya kila mashine kwenye mtandao, akachukua nakala kamili. Kisha akamtafuta mwenye mashine atie saini kwamba Jumapili itazimwa.

Kumi na moja zilikuwa na wenyewe. Ya kumi na mbili, iliyoitwa "Taarifa", haikuwa na mtu, tena ilikuwa ya zamani kiasi kwamba programu mpya isingeikubali. Barua ilisema wazi: mashine isiyo na mwenyewe isihamishwe, ifutwe.

"Zima tu," alisema Daktari Mutabazi, mkuu wa hospitali, bila kuinua macho. "Anayeihitaji atapiga kelele."

Mwavita hakuzima. Aliifungua, akaona kwamba kila siku saa moja asubuhi, hata Jumapili, mtu mmoja huingia, hukaa dakika tano, hutoka. Alikuwa anajaza fomu: wagonjwa wangapi, homa ngapi, chanjo ngapi. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya maoni. Mara ya mwisho mtu wa hospitali kuifungua fomu hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita, mwaka ambao taarifa zilihamia kwenye mfumo wa kitaifa.

Alianza kusoma maoni ili apate jina la mwandishi. Kilikuwa Kiswahili cha Bugarama, kile cha mpakani.

"Mvua imekata njia. Bamama saba wamekuja kwa miguu."

"Leo hakuna mgonjwa. Nimefagia mara mbili."

"Kama kuna muntu anasoma, tunaomba lampe moja ya usiku."

"Leo nimetimiza miaka hamsini na saba. Nimejipikia wali na samaki sambaza."

Alisoma mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake akasoma tena, ingawa jina alikuwa ameshalipata: Mukandekezi, muuguzi wa zahanati moja kwenye vilima vya Nyakabuye. Siku ya tatu alifungua maoni huku akila mihogo yake ya mchana, na ndipo akatambua kwamba hatafuti kitu tena. Alikuwa anakula pamoja na mtu.

Ijumaa, baada ya kupiga simu mara nne bila kumpata, alikwenda mwenyewe. Basi lilimshusha barabarani, akapanda kwa miguu kama saa nzima. Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza. Mwanamke mwembamba alikuwa anapanga chupa za dawa kwenye kabati.

"Maman Mukandekezi? Miye niko Mwavita, fundi wa kompyuta wa hospitali."

Uso wa yule mama ulikunjuka. "Mwishowe! Ni juu ya lampe? Lampe tulishajinunulia, lakini kuja tu ni vizuri. Karibu, ikala."

Mwavita alikaa.

"Maman, ile mashine unatumiaka taarifa, tutaifunga Jumapili. Kazi yake iliisha zamani. Taarifa za zahanati yenu zinatoka kwa tablet ya kiongozi wenu."

"Ile ya kiongozi Habumugisha ni ya kutuma Kigali. Yangu ni ya hospitali. Fundi aliyekuwa mbele yako aliniambia nitume kila siku, nisikose."

"Alihama. Hakuna muntu aliyekumbuka kukuambia."

"Tangu lini?"

"Miaka mitano."

Mukandekezi alifunga kabati taratibu. "Hapa chini hakuna reso, simu haishiki," alisema. "Kila asubui nilipandaka pale juu kwenye mikaratusi na simu mkononi. Hata na malaria nilipanda. Sasa nani alikuwa anasoma?"

"Hakuna."

"Na jina langu, weye ulilijua namna gani?"

Mwavita angeweza kusema kwamba jina liko kwenye fomu. "Nilisoma," alisema. "Siku hizi tatu."

"Mpaka chini? Kwenye maoni?"

"Mpaka chini."

Yule mama alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akageukia bonde. "Yale nilikuwa naandikia muntu nisiyemujua. Unaelewa? Muntu ambaye sitakutana naye njiani. Sasa niko nakuona. Futa."

"Maman, naweza kukuletea nakala..."

"Futa yote, mwanangu."

Jumapili, wakati wa misa, korido za hospitali zilikuwa tupu. Mwavita alizima mashine kumi na moja. Kisha akaifuta ile ya kumi na mbili. Ilichukua sekunde chache.

Ilibaki nakala. Aliichukua mwenyewe siku ya kwanza ya maandalizi, ilikuwa kwenye diski ndani ya droo, na hakuna aliyejua. Alijiambia kwamba sheria inataka nakala zitunzwe miezi mitatu. Lakini alikuwa ameisoma sheria, na ilihusu mashine zilizohamishwa tu. Aliwaza pia wiki zinazokuja na chakula cha mchana cha kila siku. Alikaa na diski magotini muda mrefu kuliko alivyotaka. Halafu akaichomeka, akafuta, akahakikisha kwamba hakuna kilichobaki.

Mashine ziliamka upande mpya moja baada ya nyingine. Ya maabara ilikataa kuuona mtandao. Alikuwa ameandika anwani yake vibaya daftarini, tarakimu moja tu. Saa kumi jioni zote zilikuwa zinafanya kazi. Jumatatu watu walikuja, wakafungua kompyuta zao, wakaendelea. Hakuna aliyeuliza lolote, na kwa kazi ya namna ile, hiyo ndiyo pongezi. Mchana Mwavita alikula akiutazama ukuta.

Wiki mbili baadaye Mukandekezi alifika hospitali kuchukua chanjo. Alisimama mlangoni pa chumba cha Mwavita na sanduku la baridi mkononi.

"Ulifuta?"

"Nilifuta."

"Na nakala?"

"Na nakala, Maman."

Mukandekezi aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Aliweka sanduku chini. "Bwana yangu alipokufa, niliandika. Siku tatu baada ya kumuzika. Akili yangu haikuwa hapa, sikumbuki nilisema nini. Batoto wananiuliza siku zile zilikuwa namna gani, na miye sina kitu cha kubajibu. Ile uliisoma?"

Mwavita alimsogezea kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Niliisoma. Wagonjwa walikuwa wanne. Mumoja mtoto wa kule Gitambi, aliungua mukono na uji. Ulimufunga bandeji, mama yake akakuuliza juu ya nini unalia, ukamwambia ni moshi."

"Moshi," alisema Mukandekezi.

"Halafu uliandika kwamba bwana yako, Papa Igiraneza, alikuitaka kwa jina lako la utoto, na sasa hakuna muntu aliyebaki mwenye kulijua."

"Nililiandika, lile jina?"

"Hapana. Hukuandika."

Mukandekezi alilaza mikono magotini. Nje mtu alipita akiburuta kitanda cha magurudumu. Kisha Mukandekezi akalisema lile jina, kwa sauti ya chini, na Mwavita akalirudia polepole ili asilikosee.