Sauti Ndani ya Mashine

Odwa alikuwa mtangazaji wa asubuhi katika redio ndogo ya Dutywa, na kila siku akimaliza kusoma habari alikuwa akivua visikizio na kutega sikio. Akikuta kimya, roho yake ilitulia mpaka kesho. Wenzake walidhani anapumzisha masikio. Kumbe alikuwa anajipima.

Sababu alikuwa nayo. Pacha wake, Lubabalo, alianza kusikia sauti za watu wasiokuwepo walipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Lubabalo ndiye kulwa. Alitangulia kuzaliwa, akatangulia kutembea, akatangulia kuota ndevu, na kila alilotangulia, Odwa alilifuata.

Daktari Nokwanda alipofika kwao kutafuta mapacha wa kupimwa vichwa, Lubabalo alikubali kabla chai haijamiminwa. Odwa alitaka maelezo kwanza.

"Wale askari wa mwili wanaopigana na magonjwa," daktari alieleza, "wana kazi nyingine kichwani. Ubongo wa kijana una viunganishi vingi kuliko unavyohitaji. Wao huvipunguza, kama mnavyopogoa ile mipichi hapo nje. Sasa kuna watu wana jeni ambazo, tunavyoshuku, zinawafanya askari hao wakate kupita kiasi, na ugonjwa wa sauti ukaanzia hapo."

"Kama yeye anazo, na mimi ninazo," Odwa alisema.

"Jeni zenu ni zilezile. Lakini jeni si hukumu, bhuti, kaka yangu."

Odwa hakumwamini. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu aliona aibu kumwacha nduguye aende peke yake.

Hospitalini, Lubabalo alitangulia tena. Alitoka kwenye mashine akipiga mluzi. "Makelele tu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Ingia, mwoga wewe."

Ncumisa, dada aliyeendesha mashine, alimlaza Odwa, akamshikisha mpira mdogo. "Nitakuwa nazungumza nawe kutoka chumba cha pili. Ukizidiwa, bonyeza huu."

Kitanda kikamwingiza. Mashine iligonga, ikanguruma, ikagonga tena, halafu ikanyamaza ghafla. Katika kimya kile, sauti ikamwita.

"Odwa."

Haikuwa ya Ncumisa. Ilikuwa ya mwanamume, na ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Odwa, mtoto wa mama. Unadhani umejificha humo?"

Jasho lilimtoka mpaka machoni, na hakuthubutu kulifuta. Hivi ndivyo Lubabalo alivyowahi kumsimulia: ya kwanza ilikuja kwa sauti yake mwenyewe, ikamwita jina. Odwa alikuwa ameapa kwamba siku ikimjia hataijibu. Akauma meno.

"Nijibu basi. Nakuona vidole vya miguu vinatetemeka!"

Alijua kwamba akibonyeza mpira atakuwa amekiri mbele ya watu. Akavumilia. Sauti ikacheka, na kicheko kilikuwa chake pia. Hapo akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Ncumisa alimvuta nje, akamshika bega. "Vipi?"

"Imeanza," Odwa alisema.

"Nini kimeanza?"

"Sauti. Imeniita."

Ncumisa aligeuka kutazama dirisha la kioo. Nyuma ya kioo alisimama Lubabalo, mdomo kwenye maikrofoni, bado anacheka. Alipouona uso wa nduguye, kicheko kikamkauka. Akaja mbio.

"Ni mimi, fala wewe! Nilimbembeleza dada huyu aniachie nikusalimie." Kisha akamtazama vizuri. "Imeanza? Kwani ulikuwa unaingoja?"

Odwa alijifunika uso kwa mikono. Alikuwa analia.

"Miaka yote hii? Ndiyo maana unamzungusha Zikhona wa watu, humwoi, humwachi?" Lubabalo akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Yaani mimi ndiye mgonjwa, na wewe ndiye usiyeishi."

"Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini sauti zangu hazisalimii mtu. Zinanisema tu, kama mashangazi harusini."

Odwa akacheka, kamasi zikimtoka. Daktari Nokwanda alimkaripia Ncumisa vikali, na upimaji ukaanza upya. Safari hii Odwa alilala kimya mpaka mwisho.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili. Bongo zao zilifanana: ganda la nje lilikuwa jembamba kidogo mahali palepale, kwa mgonjwa na kwa mzima. Kwa nini mmoja aliugua na mwenzake hakuugua, hakujua.

"Itanijia?" Odwa aliuliza.

"Siwezi kukuapia. Lakini kila mwaka unaopita bila ugonjwa kuja, hatari inapungua."

Odwa alitegemea neno lile lingemwangusha. Badala yake aliona njaa. Walinunua maandazi moto ya amagwinya nje ya lango, wakala wamesimama, mafuta yakiwachuruzika mikononi.

"Siku ukizisikia kweli," Lubabalo alisema akitafuna, "uje kwangu kwanza. Usimwambie mama, atajaza nyumba watu wa maombi."

"Nitakuja."

"Niangalie ukisema."

Odwa akamwangalia, akarudia.