Maji Yaliyomkimbia Bushira

Bushira alikuwa akipepeta maharage mbele ya duka lao, katika mtaa wa maduka ya zamani mjini Jinja, paka wa stoo alipomuuma kiganjani. Alikuwa anamwondoa juu ya gunia, kama alivyomwondoa kila siku. Paka aling'ang'ania, akaachia kwa kuchelewa, kisha akaenda kulala chini ya mizani huku mate yakimtoka.

Hamuza, mumewe, alichana kitambaa amfunge.

"Ngoja nioshe kwanza," Bushira alisema.

"Uoshe nini? Paka ni twahara. Maji aliyoyanywa yeye tunatawadhia."

"Basi mwambie akupikie na chakula," Bushira alisema, akanyoosha mkono ufungwe.

Alasiri alipokwenda kutawadha, maji yalimkwepa. Alimimina kutoka kwenye birika, yakapinda kabla ya kufika kiganjani, yakaangukia pembeni. Ya bombani yakafanya vilevile. Akashuka hadi mtoni, na Nile ikarudi nyuma, ikamwachia matope. Waliokuwa wakifua walisogeza beseni zao, wakaendelea.

Sheikh aliulizwa. Akasema asiyepata maji atatayamamu kwa vumbi safi, jambo hilo halina ugumu. Hamuza akaleta sinia la vumbi, akalichekecha mwenyewe kwa chekeche la unga ili lisimkwaruze mkewe. Kunywa Bushira aliweza, mradi mkono ule auweke mgongoni.

Paka alikufa wiki hiyohiyo. Shamira, dada yake Bushira anayekaa Mbale, aliposikia kwa simu hakuuliza habari za maji. Aliuliza habari za paka.

"Mlete huku kesho," alimwambia Hamuza. "Huko kwenu chanjo ya kichaa cha mbwa imeisha. Huku ipo kidogo."

Hospitalini Mbale, foleni ilikuwa ya watu walioumwa na mbwa. Musawo, daktari aliyekuwa akidunga sindano, alisema zilizobaki hazitawatosha wote.

"Huyu kaumwa na nini?"

"Paka," alisema Bushira.

"Wa mtaani?"

"Wa nyumbani," Hamuza aliwahi. "Msafi kabisa, musawo."

Shamira alimvuta kanzu. "Shemeji, mwambie kwamba amekufa."

"Alikula sumu ya panya," Hamuza alisema. Nyuma yao alisimama mtoto aliyeraruliwa shavu na mbwa, naye Hamuza aliona haya kumzibia njia. Musawo akamwita mtoto.

Baada ya wiki kadhaa kiganja kilianza kumwasha Bushira, ikafuata homa, kisha koo likakataa kumeza. Sasa maji yaliukimbia mwili wake mzima. Chai ilitoka kwenye vikombe ikaenda mlangoni. Machozi yake yaliruka bila kugusa shavu.

"Hamuza," alisema, "nina kiu."

Alifariki Ijumaa. Wanawake waliokuja kumwosha walimimina, maji yakapanda ukutani. Wakamtayamamisha kwa vumbi, wakamvika sanda.

Baada ya hitima, Asuman, jirani muuza mchele, alileta paka mchanga.

"Panya hawajui msiba, ndugu yangu. Huyu mama yake analala msikitini."

Paka akamkwaruza Hamuza mkononi. Damu ikachuruzika kidogo, akaifuta kwa kanzu.

Shamira alikuwa amesimama na kipande cha sabuni. "Shemeji, nakuomba uoshe."

"Ni mkwaruzo tu, Shamira."

Chai kikombeni mwake ikasogea upande wa pili. Hamuza akakizungusha kikombe, akanywa.