Ubeti wa Kumi

Swali la saba kwenye mtihani wa darasa la sita lilikuwa hili: katika shairi la "Kurudi Tumekataza", shazia ni ishara ya nini? Niliandika kwamba shazia ni sindano kubwa ya kushonea viatu. Mwalimu alinichorea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Jibu sahihi, alisema, ni mkuki wa umma. "Na wewe hasa, mtoto wa mtunzi, huoni haya?" Nikaenda nyumbani kumuuliza mtunzi mwenyewe. Baba aliitazama karatasi, akakohoa, akasema mwalimu yuko sahihi.

Sasa nina miaka arobaini na saba na zile maksi bado zinaniuma. Wenzangu wanakumbuka mapenzi yao ya kwanza. Mimi nakumbuka swali la saba.

Ndiyo maana Baba aliponiomba nimpigie chapa kitabu cha kumbukumbu zake za vita vya uhuru, nilikubali nikiwa na roho mbili. Kazi yangu ni hiyo, kupiga chapa. Nina chumba kimoja mkabala na mahakama, kompyuta mbili, na mashine ya nakala inayokohoa kuliko wateja. Kutwa naandika viapo vya watu wanaodai hawakuwepo kwenye eneo la tukio. Baba tatizo lake lilikuwa kinyume: yeye alikuwepo kwenye kila eneo la tukio.

Alikuja kila asubuhi kabla ya wateja, Mama akimfuata na chupa ya chai. Mtaa mzima unamwita Kamanda. Akishaketi, ananyoosha mguu, na Mama anainama kumfunga kamba za viatu, kwa sababu huyu mtu aliyelipua daraja hajawahi maishani kufunga fundo likafika saa nne. Halafu anaanza kusema, nami naandika.

"Tukawavamia. Wao walikuwa sitini."

"Baba, kwenye sura ya pili walikuwa kumi na wawili."

"Waliongezewa nguvu."

"Daraja ni lile lile na usiku ni ule ule."

"Labda walizaana," alisema Mama bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anafuma.

Mama naye alikuwa kambini. Yeye ndiye aliyekuwa akipitisha chakula mbele ya pua za askari, mtungi kichwani na risasi chini ya unga. Kitabuni alikuwa amepata sentensi moja: wanawake pia walisaidia. Nilimuuliza kama inamtosha. Akasema hana haja ya kutajwa zaidi kwenye kitabu ambamo daraja moja linalipuliwa mara tatu.

Tukafika mwisho, muswada ukaenda kwa mchapishaji, na wiki mbili baadaye mhariri akapiga simu. Nikaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, Mzee. Muswada nimeusoma, mtamu kweli. Ila kuna jambo moja. Umeeleza kwamba kambini kila aliyetunga shairi alilifunga kwa ubeti wa tamati wenye jina lake, ili akifa watu wajue wa kumlilia."

"Ndivyo," alisema Baba, kifua mbele. "Ilikuwa sheria, na hakuna aliyeivunja."

"Sasa shairi lako, Mzee, hili tulilokariri sote shuleni, lina beti tisa na tamati haimo. Ubeti wa kumi uko wapi?"

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Hiyo sheria aliitaja yeye mwenyewe, tena kwa kurasa tatu, maana Baba akianza kujisifu hana breki. 

"Nitautuma Ijumaa," alisema.

Siku tatu mfululizo alitunga. Alihesabu mizani kwa vidole vya mikono, na vilipokwisha nadhani akahamia vya miguu. Siku ya tatu aliniletea mstari mmoja, nikauandika kama alivyousema: "Tamati nimemaliza, mimi ndiye Kamanda wa Kikosi cha Tatu."

"Baba, kushoto una mizani nane, kulia kumi na nne. Kipande cha kulia kina mimba."

"Basi toa 'mimi ndiye'."

"Zinabaki kumi."

"Toa kikosi."

"Nikitoa kikosi, utakuwa kamanda wa nani?"

Alifuta jasho. Nikayatazama yale maneno kwenye kioo cha kompyuta, kisha nikapandisha juu kuuangalia ubeti wa kwanza, ule ambao watoto wa nchi hii wanaujua kabla ya kujua kupenga kamasi:

*Nimeshona kwa shazia, uzi wangu nimekaza,*
*Ndugu wanaonijia, soli zao natengeza,*
*Hata miba kwenye njia, viatu vitapuuza,*
*Kwenda tumeazimia, kurudi tumekataza.*

Mizani nane kwa nane, vina vimekaa kitako. Nikasoma na beti nane zilizofuata: uzi, gundi, misumari, ngozi ya kisigino. Halafu nikatazama chini ya meza. Ilikuwa saa nne kasoro, na kamba za Kamanda, ambazo siku hiyo alijifunga mwenyewe, zilikuwa zimeshafunguka zote mbili.

"Baba," nilisema, "shazia ni nini?"

"Ni ishara ya mkuki wa..."

"Baba."

Mama aliweka kitambaa chake mezani. Akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama tumenunua sabuni:

*Tamati nimefikia, maneno ninamaliza,*
*Ulimi wanikwamia, tungo ndizo hulegeza,*
*Jina mkiulizia, Fundi Soli nawajuza,*
*Kwenda tumeazimia, kurudi tumekataza.*

Mashine ya nakala ilikohoa peke yake. Baba alikuwa ameinamia mikono yake.

Kama walivyonisimulia wote wawili, Fundi Soli ndiye aliyekuwa akitengeneza viatu vya kikosi kizima. Alikuwa na kigugumizi cha kutisha. Kuomba chumvi kulimchukua muda mpaka chakula kikapoa. Lakini akiimba mashairi, maneno yalimtoka kama maji. Kambini watu walitumia majina ya kazi, kwa hiyo kwao hapakujulikana na aliyemzaa hakujulikana. Alifia pale darajani, miguuni ana viatu viwili visivyofanana, kwa sababu jozi nzima alikuwa amempa Baba.

"Siku ya uhuru nilipanda jukwaani ili nimsomee yeye," Baba alisema. "Haki ya Mungu nilikuwa na nia hiyo. Nikamaliza ubeti wa tisa, nikashindwa kuendelea. Nilikuwa nalia. Watu wakadhani ndio mwisho, wakapiga makofi, mtangazaji akasema huyu ndiye mtunzi wetu, Kamanda. Nikajiambia nitarekebisha kesho."

"Na kesho yake?"

"Ilikuwa sikukuu. Kesho kutwa wakaliweka kwenye kitabu cha shule."

Uongo wa siku moja unaweza kuufuta kwa kiganja. Wa miaka hamsini unapewa nishani, na Baba nishani anayo, ipo kabatini kwenye kiboksi cha mahameli. Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia kwamba alinifanya mjinga mbele ya darasa zima, nami nilikuwa mtoto pekee katika nchi hii aliyejibu sawasawa.

"Kila mtu aliachiwa jina la kuliliwa," alisema Baba. "Yeye kaburi lake ni ule ubeti, na mimi nimeukalia. Lakini sasa nikisema, si watanicheka? Si watasema hata daraja ni la uongo?"

"Wakucheke, Baba Watoto," alisema Mama. "Mimi nimecheka peke yangu miaka yote, nimechoka. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Na daraja lako wakilitilia shaka, nitasimama. Nitawaambia ulilipua. Mara moja."

Ubeti ukaenda Ijumaa kama alivyoahidi. Mhariri alipopiga simu kuuliza Fundi Soli ni nani, Baba alimwambia aje uzinduzini, atasikia. Mama alinitazama juu ya miwani. Sote wawili tuliijua "kesho" ya Baba inavyorefuka.

Ukumbi ulijaa. Vitabu vilikuwa bado kwenye maboksi karibu na jukwaa, vimefungwa kwa utepe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona ndani. Baba alipanda na suti yake na nishani, kamba zimefungwa na Mama mafundo mawili mawili. Akaanza, na ukumbi mzima ukaanza naye; walilighani wote, mawaziri na wafagizi. Mimi nilikuwa nahesabu beti kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Saba. Nane. Tisa.

Makofi yakalipuka. Kila mtu alijua shairi linaishia hapo. Watu wakasimama, mshereheshaji akaifuata maikrofoni huku ametabasamu, akanyoosha mkono aipokee. Baba alikuwa amesimama palepale alipoishia miaka hamsini iliyopita, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi vilevile. Niliuona mkono wake ukianza kumpa yule mtu maikrofoni. Nilimchukia, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja.

Mkono ukarudi.

"Kaeni," alisema Baba. "Halijaisha."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mzee. Akasubiri. Wakakaa mmoja mmoja, mpaka mshereheshaji akabaki amesimama peke yake, naye akatafuta kiti.

"Hili shairi si langu," alisema. "Mimi hata viatu nafungwa na mke wangu."

Akaanza tamati. Mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka. Alipofika kwenye jina, Kamanda, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu aachishwe ziwa, alikwama. "Fu," alisema. "Fu... Fu..." Mama, kwenye kiti cha mbele, alianza kugonga goti lake kwa kiganja, nane, halafu nane. Baba alimtazama, akashika mapigo, na jina likatoka zima.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja nyuma alisimama akavua kofia, na wengine wakasimama.

Wapo waliomcheka, bila shaka. Gazeti moja liliandika maneno machafu, na wizarani wameunda kamati ya kuamua shazia sasa ni ishara ya nini. Baba alirudisha nishani. Wakamrudishia, kwa kuwa fomu ya kupokea nishani zinazorudishwa haipo.

Asubuhi moja baada ya hayo yote alikuja chumbani kwangu peke yake, Mama kabaki nyumbani kulala kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Kitabu kinachapwa tena," alisema. "Kuna ukurasa wa nyongeza. Andika."

Nikaweka vidole tayari.

"Andika hivi. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliulizwa shazia ni nini, akajibu kwamba ni sindano ya kushonea viatu. Mwalimu alimkosesha, na mimi, ambaye nilijua, nikamwambia mwalimu yuko sahihi. Mtoto alikuwa amepata." Akageuka kunitazama. "Swali lile lilikuwa la maksi ngapi?"

"Mbili," nilisema.

"Andika mbili."

Nikaandika mbili. Kisha nikainuka, nikapiga goti mbele ya kiti chake na kumfunga kamba za viatu, maana ilikuwa inakaribia saa nne.