Jipu la Pale Anapokalia

Mume wangu ni dereva wa kreni, mtu wa kukalia kiti kimoja kutwa nzima, na jipu likaenda kumwota pale pale anapokalia. Kwa hilo sina wa kumlaumu. Lawama zangu zinaanzia kwenye fomu.

Kazini kwao huendi zahanati bila fomu, na fomu ina mstari wa "sehemu inayouma". Karani anaipokea, anaisoma, anagonga muhuri. Karani huyo ni mama yangu mzazi. Sasa mwanamume mzima amwandikie mama mkwe wake neno "tako"? Akaandika "kichwa". Zahanati wakasoma karatasi badala ya mgonjwa, wakampa vidonge vya kichwa, wakamrudisha kwenye kreni. Hakuna aliyemgusa hata paji la uso!

"Si ungemwambia nesi ukiwa ndani?" nilimfokea.

"Nesi na mama yako ni chanda na pete. Tuache tu, mke wangu. Likiiva litapasuka lenyewe."

Likiiva! Utadhani ndizi. Siku ya nne asubuhi nilimkuta kitandani anatetemeka, meno yanagongana, anahema mbio mbio na kuniita kwa jina la dada yake. Jirani akanisaidia kumfikisha hospitali.

Daktari akamuuliza panapouma. Mama alikuwa ameshafika kutoka kazini, amesimama miguuni pa kitanda. Mume wangu akamwona.

"Kichwa," akasema.

"Tako!" nikapiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Ana jipu la tako, Daktari, mgeuze!"

Wakamgeuza. Mama akatazama ukuta. Daktari alisema wadudu wametoka kwenye jipu, wameingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Presha imeshuka, figo zimeanza kugoma.

"Mngemleta mapema ningelipasua kwa dakika kumi, akarudi nyumbani kwa miguu yake."

"Na sasa atapona?"

"Tunajaribu, dada."

Wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Tukabaki kwenye benchi la nje, na mama akaanza kulia.

"Angeniambia tu. Kwani mimi si mama yake?"

Hasira zilinipanda. "Angekwambia, ungefanyaje?"

Mama yangu ana mambo mengi, lakini uongo hauwezi. Akafuta macho kwa kiganja.

"Ningecheka," akasema. "Halafu ningewasimulia ofisi nzima."